Wakili wa kufilisika kachukua hela kaingia mitini, na mshahara wangu umeanza kukatwa. Nimshtaki, nimfukuze au nisubiri?

#1 DerevaUsiku
Habari zenu wakuu. Niko Columbus, Ohio. Madeni yamenizidi, kadi za benki na bili ya hospitali, nikatafuta wakili tukakubaliana Chapta 7, ile ya kufilisika inayofuta madeni, ada dola 1,500 nilipe kidogo kidogo. Nimeshalipa karibu yote. Mwanzoni walikuwa wachangamfu, simu inaita mara moja imepokelewa, sasa hivi nikipiga naenda voismeli na voismeli yenyewe imejaa. Barua pepe kimya. Nikaenda ofisini, dada wa mapokezi ananiambia wakili yuko mahakamani, basi, hata jina langu hakuandika.

Juzi nafungua slipu ya mshahara, chini ya makato ya bima naona mstari mpya umeandikwa GARN, yaani makato ya deni kwa amri ya mahakama, robo ya hela yangu imeondoka. Nina watoto, nina kodi ya nyumba. Mimi naona kabisa huyu kanila hela. Wenye uzoefu naombeni mwongozo.

#2 Ukungu77
Pole sana mkuu. Nafuatilia, na mimi nina ndugu yangu yuko kwenye hali hiyo hiyo.

#3 Tende_Kavu
Kabla ya yote, kesi imeshafunguliwa mahakamani au bado? Una namba ya kesi? Ushauri wote unategemea hapo.

#4 Mzee_wa_Houston
Kijana hamia Texas, huku mshahara haukatwi kwa deni la kadi, sheria hairuhusu. Halafu mbona rahisi, ukishamlipa wakili tayari una kinga. Mpelekee mwajiri risiti ya wakili waache kukata mara moja.

#5 BintiKilima
@Mzee_wa_Houston shikamoo mzee, ila hapo kwenye kinga sikubaliani na wewe na naomba mtoa mada asifuate hiyo. Mimi nakalimani kwenye ofisi za mawakili, haya mambo nayaona kila wiki. Kumlipa wakili hakusimamishi chochote. Kinachosimamisha wadai ni zuio linaloanza lenyewe siku petisheni, yaani ombi la kufungua kesi ya kufilisika, inapopokelewa mahakamani, liko kwenye kifungu cha 362 cha sheria ya kufilisika. Hata ulipe ada yote, hata usaini makaratasi yote, kama petisheni haijaingia mdai anaendelea kukata na yuko ndani ya sheria.

Kuhusu Texas ni kweli mshahara haukatwi kwa deni la kawaida, hata North Carolina, South Carolina na Pennsylvania ni hivyo. Ila Texas hela ikishaingia benki mdai mwenye hukumu anaweza kuishika humo humo kwenye akaunti. Kwa hiyo kuhamia tu siyo dawa mzee wangu.

#6 Mzee_wa_Houston
Marahaba binti. Haya nimekusikia. Ila kuja Texas aje tu, tunahitaji madereva.

#7 DerevaUsiku
@Tende_Kavu sina namba ya kesi. Nilipowapata mara ya mwisho niliambiwa "iko kwenye mchakato".

#8 Tende_Kavu
Basi usikae kusubiri neno la mchakato, hakikisha mwenyewe. Rekodi za mahakama za kufilisika ziko wazi kwa mtu yeyote. Kuna mfumo wa mtandaoni unaitwa PACER, unajisajili unatafuta jina lako. Kama halipo, kesi haipo.

#9 mama_wawili
Hiyo PACER ni ya kulipia jamani, mtu hana hela anakatwa mshahara halafu mnamwambia alipie tena.

#10 Tende_Kavu
@mama_wawili ni senti 10 kwa ukurasa, na hati moja haizidi dola 3 hata iwe ndefu vipi. Halafu kama matumizi yako ya robo mwaka hayazidi dola 30 wanakusamehe yote. Kutafuta kesi moja hutafika huko. Na kama hutaki kabisa mtandao, kuna laini ya simu ya bure ya mahakama za kufilisika, unataja jina au namba ya kesi, mashine inakusomea hali ya kesi. Au nenda dirisha la karani wa mahakama ya shirikisho ya kufilisika hapo hapo Columbus, iko mjini.

#11 Kasri_la_Mchanga
Mimi nadhani sababu ni moja tu, hujamaliza ada. "Karibu yote" siyo yote. Mawakili wa Chapta 7 karibu wote hawapeleki petisheni mpaka senti ya mwisho, na wana sababu: ukifaili (kufungua kesi) huku anakudai, na yeye anageuka kuwa mdai kama wale wengine, deni lake linafutwa pamoja na ya kadi. Kwa hiyo anakaa kimya mpaka umalize. Siyo utapeli, ndivyo biashara yao ilivyo. Na ada ya mahakama dola 338 ni mbali na ya wakili, angalia kama nayo umelipa.

#12 mama_wawili
Sawa @Kasri_la_Mchanga lakini si aseme basi? Mtu anashindwa kuandika meseji moja, "umebakiza hela kadhaa ukimaliza tunafaili"? Kunyamaza wiki na wiki ni dharau. Mimi wakili wangu wa talaka alinifanyia hivyo hivyo, kumbe alikuwa kasimamishwa kazi na mimi ndiyo wa mwisho kujua. Mtoa mada, ingia kwenye orodha ya mawakili ya Mahakama Kuu ya Ohio mtandaoni, andika jina lake, itakuonyesha kama leseni yake iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Ni bure.

#13 Nahodha_Pwani
Au anaumwa. Au kafariki. Wakili anayefanya kazi peke yake akilazwa hospitali ofisi yote inakufa naye, anabaki dada wa mapokezi anaokoteza maneno. Tusimhukumu mtu kabla hatujajua.

#14 DerevaUsiku
Nimeangalia, leseni yake iko hai, hana adhabu yoyote. Na kwenye PACER jina langu halipo kabisa. Kwa hiyo kesi haijafunguliwa. Wakuu mimi nimechoka, na kila nikiingia kazini meneja ananiangalia kama mwizi kwa sababu ile amri ilipitia kwake.

#15 BintiKilima
Pole kaka. Kuhusu meneja, sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu ya makato ya deni moja, kwa hiyo kwa hilo tulia. Na kiwango kina mwisho, kwa deni la kawaida hawaruhusiwi kuvuka asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima. Piga hesabu kwenye slipu uone kama payroll hawajazidisha, huwa inatokea.

Tena hela wanayokukata sasa hivi siyo lazima iwe imepotea. Mdai akichukua dola 600 au zaidi ndani ya siku 90 kabla ya kufaili, kuna njia ya kuidai irudi, na wakili anayeijua kazi yake huwa anaifuatilia. Tunza slipu zote. Ila ndiyo maana kimya chake kinauma, kila wiki inayopita siku 90 zinasogea na zile za mwanzo zinatoka nje ya dirisha.

Naomba nikuulize. Wakili alikupigia hesabu za kipato cha miezi sita? Ulifanya ovataimu mwaka huu?

#16 DerevaUsiku
Ndiyo, mwezi wa nne na wa tano nilifanya ovataimu nyingi sana, kulikuwa na upungufu wa madereva. Waliniomba slipu zote nikawapelekea. Kwa nini?

#17 BintiKilima
Kwa sababu Chapta 7 ina kipimo cha kipato. Wanachukua miezi sita kamili kabla ya mwezi unaofaili, wanatafuta wastani, wanalinganisha na kipato cha kati cha familia ya ukubwa wako katika jimbo lako. Ukizidi siyo kwamba umekataliwa papo hapo, kuna hesabu nyingine ya matumizi, ila inakuwa ngumu na unaweza kusukumwa Chapta 13, kulipa miaka mitatu mpaka mitano. Ukifaili mwezi huu wa tisa, wanahesabu wa tatu mpaka wa nane, ovataimu yote imo. Ukifaili mwezi wa kumi na mbili wanahesabu wa sita mpaka wa kumi na moja, ovataimu imetoka. Kwa hiyo inawezekana wakili anasubiri kwa makusudi na kwa faida yako. Simtetei kwa kunyamaza.

#18 Kasri_la_Mchanga
Hapo dada umenifungua macho, hiyo sikuiwaza. Bado nasimama na ya ada lakini.

#19 mama_wawili
Mimi hiyo ya makusudi siinunui. Asubiri mpaka mwezi wa kumi na mbili huku mtu anakatwa robo ya mshahara? Mteja ndiye wa kuamua kama anataka kusubiri au la, siyo wakili aamue kichwani mwake halafu azime simu.

#20 Mkulima_Mjini
Jamani ulizeni na hili, nani anapiga hizo simu? Mimi mke wangu ndiye aliyekuwa anapiga kwa sababu Kiingereza chake kizuri kuliko changu, ofisi ikawa haimjibu, tukadhani wanatuchunia. Kumbe siri ya mteja, hawaruhusiwi kuongea kesi yangu na mtu mwingine bila idhini yangu. Nikasaini karatasi ya kumruhusu, wakaanza kumpigia siku hiyo hiyo.

#21 DerevaUsiku
@Mkulima_Mjini hapana napiga mwenyewe. Mara moja tu shemeji alinisaidia.

#22 Jongoo_Charlotte
Nyie mnaongelea kimya cha kabla ya kufaili, mimi nawaambia cha baada ya kufaili ndiyo kinaua. Niko Charlotte. Wangu ilikuwa Chapta 13, kesi imeshafunguliwa, wakili akapotea. Kuna nyaraka zinatakiwa kwa muda maalumu, fomu ya kodi ya mapato trastii (msimamizi wa kesi yako) aipate siku 7 kabla ya kikao cha kuhojiwa, slipu za siku 60 za kabla ya kufaili, na kama baadhi ya nyaraka hazijakamilika siku 45 kesi inaweza kufutwa. Mimi nilishazipeleka kwake zote, zikakaa kwenye potali yake, ule ukurasa wa mtandaoni wa wateja, hakuna aliyezigusa. Kesi ikafutwa. Nikafaili upya na wakili mwingine, kumbe ukifaili tena ndani ya mwaka mmoja zuio linadumu siku 30 tu mpaka jaji aliongeze, ikabidi tukimbilie mahakamani kuomba. Kidogo gari iende.

Baada ya hapo mimi kila kitu nilikuwa napeleka na nakala kwa trastii mwenyewe.

#23 Tende_Kavu
Mkuu pole. Ulimshtaki kwa US Trustee, ile ofisi ya serikali inayosimamia kesi za kufilisika?

#24 Jongoo_Charlotte
Huku kwetu hakuna US Trustee. Nilijifunza kwa kuzungushwa, kila tovuti inasema andikia US Trustee, kumbe majimbo mawili, North Carolina na Alabama, yana Bankruptcy Administrator badala yake. Majimbo mengine yote ni US Trustee, iko chini ya Wizara ya Sheria. Mtoa mada kwa kuwa uko Ohio wewe ni US Trustee. Ila kwa kuwa huna kesi bado, sina hakika kama watakusaidia haraka.

#25 Nahodha_Pwani
Kwani kwenye hicho kikao jaji anakuwaje, mkali? Nasikia watu wanatetemeka.

#26 Jongoo_Charlotte
Jaji hayupo kabisa kwenye hicho kikao, wanakiita cha 341, haruhusiwi hata kuhudhuria. Ni trastii anakuuliza maswali chini ya kiapo, siku hizi wengi kwa Zoom, dakika chache umemaliza. Ila wakili wako asipotokea utajuta.

#27 Ukungu77
Samahani natoka nje ya mada kidogo, ndugu yangu ana kiwanja nyumbani Morogoro kwa jina lake. Inabidi akitaje? Na hizi hela tunazotuma kwa wazazi?

#28 BintiKilima
@Ukungu77 hujatoka nje ya mada hata kidogo. Mali yote inatajwa popote ilipo duniani, kiwanja cha Morogoro, shamba, hisa, hata kama hati kashika mjomba. Kuficha ni kosa la jinai, unasaini kwa kiapo. Na kwenye fomu kuna swali la zawadi zinazozidi dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili, hela za wazazi zinaingia hapo, na kuna lingine la kuwalipa ndugu madeni ndani ya mwaka mmoja. Siyo kwamba kutuma ni kosa, unataja tu. Watu wetu wengi hawasemi kwa sababu wanaona ni mambo ya familia, halafu wakili akigundua katikati ya kazi faili linasimama.

#29 Kasri_la_Mchanga
DerevaUsiku una kiwanja? Sema ukweli hapa tupo wenyewe 😄

#30 DerevaUsiku
Ninacho, Tabora, cha urithi, tuko ndugu wanne. Nilikitaja tangu siku ya kwanza, niliandika mwenyewe kwenye fomu yao.

#31 Kasri_la_Mchanga
Basi inawezekana faili lako limelala hapo. Wakili wa Ohio atajulia wapi thamani ya robo ya kiwanja cha Tabora? Anahitaji karatasi ya tathmini na hajui hata amuulize nani.

#32 mama_wawili
Si amuulize mteja!! Jamani mbona mnamtafutia visingizio kila saa. Kanuni za maadili za mawakili, ile 1.4, zinasema wazi wakili lazima amjulishe mteja hali ya kesi na ajibu maswali yake kwa wakati. Siyo hisani hiyo, ni wajibu. Amwandikie barua, asipojibu ampeleke kwenye nidhamu.

#33 Tende_Kavu
Hapo kwenye barua naunga mkono. Siyo barua pepe ya kulalamika, barua ya posta yenye kurejeshewa risiti, kale kakadi ka kijani kanakorudi na sahihi ya aliyepokea. Iwe fupi. Weka tarehe uliyoanza mkataba, hela uliyolipa na risiti zake, sema makato ya mshahara yameanza na ambatisha slipu, halafu uliza maswali matatu tu: kesi itafailiwa lini, kinachosubiriwa ni nini, na nani ofisini kwake anashughulikia faili. Mpe tarehe ya kujibu. Matusi usiweke hata moja, hiyo barua siku moja inaweza kusomwa na mtu wa nidhamu au jaji.

Kuhusu kumfukuza, kwa kuwa hujafaili una nafuu. Unamwandikia kwamba umesitisha, unadai faili lako na sehemu ya ada ambayo hajaifanyia kazi, kanuni 1.16 inamtaka avirudishe. Angekuwa ameshafaili asingeweza kujitoa hivi hivi, mahakama lazima iridhie au wakili mpya aingie badala yake. Na kesi ikishakuwepo jaji ana uwezo wa kupitia ada ya wakili na kuamuru irudishwe ikiwa kubwa kuliko kazi, ni kifungu cha 329.

#34 Nahodha_Pwani
Ila akimfukuza anaanza upya, ada mpya, foleni mpya, na makato yanaendelea. Mimi ningesubiri barua ijibiwe kwanza.

#35 Mzee_wa_Houston
Nami niongeze moja ambayo nina uhakika nayo, binti asije kunisahihisha tena. Wale wakusanya madeni wakijua una wakili wanatakiwa waongee naye yeye, wasikupigie wewe. Ila sheria hiyo hiyo inasema wakili asipowajibu kwa muda unaofaa wanaruhusiwa kurudi kwako. Kwa hiyo kama simu za wadai zilikuwa zimepungua na sasa zimeanza tena, ujue hata wao wamempigia hapokei.

#36 BintiKilima
Hapo sina la kusahihisha mzee, uko sawa kabisa 🙏

#37 DerevaUsiku
Mzee umenishtua, simu zimeanza tena kweli, tena asubuhi asubuhi.

#38 DerevaUsiku
Wakuu narudi na mrejesho. Nilituma barua kama alivyosema Tende_Kavu. Kakadi ka kijani karudi kana sahihi. Kesho yake kapiga msaidizi wa wakili, siyo wakili mwenyewe. Anasema mambo mawili: wanasubiri ovataimu itoke kwenye miezi sita, na nimebakiza dola 200. Nikamuuliza mbona hamkuniambia, anasema "tulikutumia kwenye potali". Nikaingia kwenye potali, kuna ujumbe kweli, tarehe ya mwezi uliopita, ila hakuna barua pepe wala meseji yoyote iliyonijulisha kwamba kuna kitu humo. Kuhusu kiwanja hakusema chochote.

#39 Kasri_la_Mchanga
Dola 200! Nilisema mimi.

#40 mama_wawili
Na mimi nilisema, mpaka barua ya rejista ndiyo wanakumbuka una simu. Usiwaamini, huo ujumbe wa potali piga picha uhifadhi.

#41 Mkulima_Mjini
Muulize msaidizi kama wakili mwenyewe amelipitia faili, au ni yeye tu anaamua. Ofisi kubwa hizi za matangazo mteja anaweza kumaliza kesi hajaongea na wakili zaidi ya mara moja.

#42 BintiKilima
Kaka sasa dai mazungumzo na wakili mwenyewe, swali moja tu: kwa makato haya ya robo mshahara, kusubiri mpaka mwezi wa kumi na mbili kuna faida kuliko kufaili sasa na kupita kwenye ile hesabu ya pili ya matumizi? Mwenye kodi ya nyumba, watoto na gari ya mkopo mara nyingi anapita hata akizidi kipato cha kati. Akujibu kwa namba, siyo kwa maneno. Halafu ile kozi ya ushauri wa mikopo ya kabla ya kufaili ulifanya lini? Cheti chake kinahesabika siku 180 tu.

#43 DerevaUsiku
Niliifanya mwezi wa pili. Basi kimeshakufa hicho?

#44 BintiKilima
Kimekufa. Irudie, ni ya mtandaoni, kama saa moja hivi, hakikisha mtoaji yumo kwenye orodha iliyoidhinishwa na US Trustee. Usiirudie leo kama mnasubiri, fanya mkishapanga tarehe. Na kama hawakukukumbusha hilo, liandike kwenye maswali yako.

#45 Jongoo_Charlotte
Kuna kozi ya pili pia baada ya kufaili, usiisahau, kwenye Chapta 7 cheti chake kinatakiwa ndani ya siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa ya kikao. Usipopeleka wanafunga kesi na madeni yako yanabaki pale pale. Wakili aliyekaa kimya hawezi kukukumbusha hiyo.

#46 DerevaUsiku
Ahsanteni sana. Jumatatu ndiyo ameahidi kupiga mwenyewe saa nne asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini.

#47 Nahodha_Pwani
Na asipopiga?

#48 DerevaUsiku
Nimeshapata ofisi nyingine ya kunisikiliza bure Jumanne. Slipu zote na nakala ya barua naenda nazo.